Hita ya maji ya jua Lamu: kipi akifanye fundi, kipi ukifanye mwenyewe?

Kwa asiyeijua Lamu, hita ya maji ni anasa. Pwani kote joto, ya nini tena? Mwulize mzazi anayekandwa siku zake arubaini. Mwulize mzee anayetia udhu alfajiri ya mwezi wa saba, kusi inavuma na maji ya tangi la juu yamelala nje usiku kucha. Nyumba nyingi bado huyapasha kwa sufuria na makaa, na mwenye mtu mmoja wa kuogeshwa hana haja ya zaidi. Lakini mwenye vyumba vya wageni, au mwenye mgonjwa wa kudumu ndani, siku hizi anaishia kununua hita ya jua. Akishaamua kununua, hukwama penye swali la pili ambalo hakulitarajia: kazi ya kuifunga, nani afanye nini?

Njia ziko tatu. Fundi abebe yote, kuanzia kununua vifaa hadi maji kutoka bombani. Au wewe ununue, yeye afunge. Au mgawane kazi yenyewe, wewe ushike tindo na yeye ashike mashine ya paipu. Nimezipitia zote: ya kwanza kwa mama yangu Langoni, ya pili kwa dada yangu Malindi, ya tatu kwangu. Zote tatu leo zinatoa maji moto. Tofauti ni njia tulizopita kufika hapo.

Kuna na ya nne, ya kufanya yote peke yako, nayo siilinganishi. Hita nyingi huja na kipasha cha umeme ndani ya tangi kwa siku za mawingu, na kazi ya nyaya nchini mwetu ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Ukiamua kutokiunga kipasha hicho kabisa, na mkono wako umezoea paipu, hilo ni lako.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa mambo manne. Fedha: si jumla tu, bali pia zinatoka mfukoni lini na ni nani anayezishika. Muda. Lawama: ikivuja mwezi wa tatu, unamwita nani, naye anakuja? Na la nne nyumba yenyewe, maana hita inaweza kufanya kazi vizuri huku ukuta na dari vikiteseka.

Hilo la nyumba linataka maelezo kidogo kabla hatujaendelea.

Hita ya lita 200 ina kilo 200 za maji peke yake. Ongeza tangi, mirija ya kioo inayonasa jua na stendi, unakaribia kilo 300 juu ya paa. Kwenye nyumba ya Malindi yenye slabu ya zege, hilo si neno. Kwenye nyumba ya mawe ya Lamu ni neno kubwa. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali, mita mbili na nusu hadi tatu kasoro. Uzito huo unatakiwa ukae juu ya ukuta, si katikati ya chumba. Kwa mama, miguu miwili ya stendi ilitua juu ya ukuta wa nje bila shida. Miwili ya nyuma ikawa inaangukia katikati, juu ya boriti ambazo sijui ziliwekwa enzi ya babu wa nani. Fundi alilaza mbao mbili nzito kutoka ukuta hadi ukuta, akaisimamisha miguu juu ya mbao. Kazi ya saa moja, nayo ndiyo iliyoiokoa dari.

Kisha kuna maji. Maji ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na wengi wetu tuna kisima cha nyumbani pia, ambacho mara nyingi kina chumvi. Chumvi hula chuma cha pua taratibu, vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Na chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji hugeuka gamba jeupe yakipata moto. Kwa hiyo kabla ya njia yoyote kati ya hizi, jua hita itanywa maji gani. Swali hilo halimhusu fundi. Ni lako, kwani wewe ndiye unayeyanywea chai kila siku.

Na kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, pita kwanza kwa watu wa Makumbusho kabla ya kuweka tangi linaloonekana juu ya paa au kutoboa ukuta wa mawe. Safari hiyo pia hakuna fundi atakayekufanyia.

Njia ya kwanza: fundi abebe yote

*Fedha.* Hii ndiyo ghali, na haifichi. Mafundi niliowapa kazi hukadiria ufundi wao kwa sehemu ya bei ya vifaa, kwa hiyo vifaa vikipanda na ufundi hupanda. Fundi pia hupata punguzo dukani ambalo wewe hupati, na mara nyingi hubaki nalo. Simlaumu, ndiyo nauli yake ya kuzunguka. Ugumu ni malipo ya kutangulia. Utaombwa nusu au zaidi kabla hujaona hata elibo moja, ile kona ya paipu, na kwa sisi wa kisiwani, ambao vifaa vikubwa vinatoka Mombasa, pesa hiyo inaweza kukaa safarini wiki mbili.

*Muda.* Wako mwenyewe hautumiki sana. Wa kazi hutegemea kalenda: usipange kazi ya namna hii karibu na Maulidi, mji unapojaa na kila mwenye mkono ana shughuli, wala mwezi wa Desemba ambapo nyumba za wageni zote zimekumbuka mabomba yao kwa pamoja.

*Lawama.* Hapa ndipo njia hii inapolipa. Hita ya mama ilidondosha maji mwezi wa nne chini ya valvu. Simu moja, neno moja: "Fundi, inavuja." Hakuuliza paipu alinunua nani wala nani alifunga. Alikuja baada ya Ijumaa, akakaza, akanywa kahawa, akaondoka.

*Nyumba.* Inategemea fundi kama anaijua nyumba ya mawe. Fundi hodari wa maghorofa ya saruji anaweza kupasua ukuta wa matumbawe kama anapasua bloku, na jiwe lile halipasuki kwa mstari. Muulize amewahi kufanya nyumba gani za zamani, kisha uende ukazione.

Inamfaa: anayeishi mbali na nyumba yake, anayejenga kwa ajili ya wazazi, na mwenye biashara ambaye chumba kimoja kufungwa kwa wiki ni hasara kuliko ufundi wote.

Njia ya pili: wewe ununue, fundi afunge

*Fedha.* Pesa zako zinabaki mkononi mwako, na bei unaiona kwa macho. Ila punguzo la fundi hulipati, na jambo ambalo watu husahau ni hasara ya njiani. Mirija ya kioo ya hita hupanda basi hadi Mokowe, hushushwa, huingia boti, hushushwa tena gatini, kisha punda au mkokoteni hadi kwenye kichochoro kisichopitisha vyote viwili kwa pamoja. Ukinunua wewe, mrija ukivunjika ni wako. Agiza miwili ya ziada. Kwa dada yangu Malindi, ambako gari lilifika hadi mlangoni, tulivunja mmoja tu, na ni sisi wenyewe, kwenye ngazi.

*Muda.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Fundi anakuja asubuhi, anafungua katoni, anakosa nipo moja, kiungo kifupi cha paipu cha bei ya soda, kazi inasimama. Unakimbia dukani, duka halina saizi hiyo. Siku imekwisha, na kibarua wake analipwa hata hivyo. Dawa ni moja: mwite fundi kwanza, mlipe kitu kidogo, aje apime na akuandikie orodha kwa mkono wake. Wewe usiiguse orodha ile. Dukani muuzaji atakwambia hii ni sawasawa na ile. Kataa kwa adabu.

*Lawama.* Inagawanyika vibaya. Ikivuja, fundi atasema kifaa kibovu. Muuzaji atasema fundi hajui kufunga. Wauzaji wengi wa hita pia hawaiheshimu dhamana isipokuwa imefungwa na mtu wanayemkubali, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kulipa, na jibu waandike kwenye risiti.

*Nyumba.* Sawa na ya kwanza, yote ni mkono wa fundi. Faida yako ni kuchagua ubora. Nati na bolti za stendi, kwa mfano: fundi akinunua kwa pesa aliyokadiria ataweka za kawaida, na upepo wa bahari huzila zikawa vumbi jekundu. Ukinunua mwenyewe utaweka zilizopakwa zinki nzito au za chuma cha pua. Hapo njia hii inaishinda ya kwanza wazi.

Inamfaa: mwenye muda wa kuzunguka maduka, mwenye jamaa Mombasa anayeaminika, na mwenye fundi mzuri ambaye hana mtaji.

Njia ya tatu: mgawane kazi yenyewe

Hii ndiyo niliyoichagua kwangu, na ndiyo watu hunikatiza njiani kuniuliza.

*Fedha.* Kinachopungua ni vibarua. Kuchana ukuta, kubeba, kuchanganya chokaa, kupaka tena, kusafisha. Usitegemee fundi akupunguzie ufundi wake wa paipu kwa sababu umechana ukuta; hilo ni jambo jingine. Na ongeza vifaa vya kazi utakavyonunua na kuvitumia mara moja. Mimi nilinunua tindo mbili na pima maji. Mashine ya kuchomea paipu sikununua, niliazima, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

*Muda.* Fundi angemaliza kwa siku tatu. Mimi na fundi tulitumia wiki mbili, kwa kuwa nilikuwa nachana ukuta baada ya alasiri tu, nikitoka dukani kwangu.

*Lawama.* Hapa nitakaa kidogo.

Paipu ya maji moto huwa ya PPR, ile inayochomwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260. Paipu ya PVC ya maji baridi hulainika ikipita maji ya hita, hupinda kama mshumaa uliosahauliwa juani, kwa hiyo hata usijaribu. PPR ya milimita 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5, ya milimita 25 sekunde 7, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuizungusha na kushikilia hadi ipoe. Inaonekana kazi ya mtoto. Nilichoma viungo tisa. Vinane vilikuwa vizuri. Cha tisa, elibo ya nyuma ya choo, nilikizungusha kidogo ili kikae sawa kwa macho.

Fundi alikuja siku ya pili, akaunga paipu zangu na za kwake, tukapaka ukuta. Baada ya siku kumi doa la unyevu likachomoza kwenye chokaa mpya, likapanuka hadi ukubwa wa sahani.

"Hiyo ni yako, mwanangu," akasema.

"Lakini ami, wewe ndiye uliyeivuta ukiunga."

Tulipasua ukuta. Ilikuwa yangu. Lakini hadi tunauona ule mstari wa mviringo kwenye kiungo, tulikuwa tumeshakosana nusu, na kosa halikuwa elibo. Kosa ni kwamba hapakuwa na mahali ambapo kazi yangu iliishia na yake ikaanza. Tulikuwa tumegawana kwa maneno: wewe vyepesi, mimi vizito. Chepesi ni kipi?

Tulipopaka upya, mzee yule akaweka geti valvu mahali paipu inapotoka ukutani kuelekea juu. Akaigonga kwa spana. "Huku kwako, huku kwangu." Tangu hapo, mtu akiniuliza kazi igawanywe vipi, namwambia mpaka uwe kitu cha chuma kinachoonekana. Valvu ikifungwa na maji yakaendelea kudondoka, inajulikana ni upande wa nani. Ukiweza weka mbili, moja kwenye baridi na moja kwenye moto.

Sheria ya pili niliyoilipia ni kutofunika kitu chochote kabla ya kulala na maji ndani. Jaza paipu, funga mabomba yote, zungushia karatasi ya chooni kila kiungo, ulale. Asubuhi karatasi kavu, paka. Karatasi imelowa, shukuru hujapaka.

*Nyumba.* Kwa jambo hili njia ya tatu ndiyo bora ukiwa una subira. Hakuna atakayeuchana ukuta wako kwa huruma kama wewe. Jiwe la matumbawe ukiligonga polepole hutoka vipande vidogo, na unapokutana na jiwe kubwa unalizunguka, hulipasui. Kibarua wa kulipwa kwa siku hana sababu ya kuzunguka jiwe.

Basi vipi vya kuchukua na vipi vya kumwachia? Chukua mahali na kivuli: kaa juu ya paa siku nzima uone mnazi wa jirani unatupa kivuli saa ngapi. Sisi tuko kusini ya ikweta kidogo tu, nyuzi mbili na ushei kwa Lamu, tatu na ushei kwa Malindi, kwa hiyo mirija huelekezwa kaskazini, na kuyumba kidogo upande si dhambi. Kivuli ndicho kibaya. Chukua kuchana ukuta, paipu ya baridi, kupaka, rangi. Chukua pia kujaza hita mara ya kwanza, kwani hiyo inataka saa, haitaki ufundi: mirija ya kioo iliyokaa juani bila maji huwa na moto mkali, na maji baridi yakiingia hupasuka. Ifunike kwa kanga tangu inapowekwa, ujaze baada ya alfajiri, ndipo uondoe kanga.

Mwachie fundi stendi, tangi, viungo vya PPR vitakavyofichwa, na mpando wa paipu. Hita zetu nyingi hazina pampu. Maji moto hupanda kwa wepesi wake na hushuka bombani kwa uzito wake. Paipu ikipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena, hewa hujificha kwenye kigongo kile na maji hukatika. Jicho la fundi huona kigongo cha vidole viwili ambacho pima maji yangu iliniambia hakipo.

Umeme hauingii kwenye mgao wowote. Kipasha cha ndani ya tangi kiwe na swichi yake, waya wa ardhini uliofungwa kweli, na kikata umeme cha miliampea 30 kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Mtu amesimama kwenye maji chini ya chuma. Na kwa kweli hutakitumia sana: kupasha lita 150 kutoka nyuzi 28 hadi 53 kunakula takriban uniti 4.4, na siku nyingi za mwaka hizo jua linakupa bure.

Inamfaa: mwenye nyumba ya mawe anayeipenda, anayekaa ndani yake, asiye na haraka, na mwenye fundi asiyeona haya kufundisha. Fundi wa aina hiyo si kila fundi. Wengine hukasirika ukishika tindo, na wana haki yao.

Kwa hali yako

Nyumba ya slabu Malindi, gari linafika, maduka yako karibu: njia ya pili inatosha, mradi orodha iandikwe na fundi. Sioni sababu ya kuchana ukuta wa bloku mwenyewe.

Nyumba ya mawe ndani ya mji wa Lamu, na wewe unaishi humo: njia ya tatu, na valvu mbili. Ikiwa mgongo hauruhusu, mpe fundi yote lakini ukuta mtafutie mtu wa chokaa, si wa simiti.

Mgonjwa ndani, au mzazi anajifungua mwezi ujao: njia ya kwanza, na lipia haraka yake. Wakati huo sufuria iendelee.

Maji ya kisima chenye chumvi: njia yoyote, ila tangi liwe lenye anodi ya magnesi, ile fimbo inayoliwa na chumvi badala ya tangi. Muulize muuzaji inafunguliwa wapi. Halafu fungua wewe kila mwaka, hiyo si kazi ya kumwita mtu. Ukiikuta imebaki waya mtupu, ni siku ya kubadilisha.

Pesa ni chache na hazitapatikana kwa pamoja: anza na ya tatu kwa awamu. Chana, laza paipu, weka valvu, ziba ncha kwa kizibo, paka ukuta. Hita inaweza kuja mwakani na kumkuta kila mtu upande wake wa valvu.